Pikipiki Niliyoshindwa Kuiinua

Siku niliyorudi Eldoret na diploma yangu bado naiona vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi hata majina ya wajukuu wangu yananichanganya. Mji wenyewe tuliuita Sixty-Four, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nilishuka kwenye garimoshi la kutoka Uganda na sanduku la bati, suruali ya kijivu iliyopigwa pasi, shati jeupe, na karatasi yenye muhuri iliyosema kwamba nimefuzu masomo ya afya ya mifugo. Katika shamba tulilokaa, na mashamba yote ya jirani hadi kule panapoitwa Ziwa, hakuna mtoto wa mfanyakazi aliyekuwa amewahi kurudi na karatasi kama hiyo. Baba alitoka Maragoli na blanketi moja kuja kukamua ng'ombe wa Kaburu. Mimi nilisomea jikoni kwa mzungu, kitabu kikiwa kando ya sufuria nilizokuwa nikiosha. Sikubebwa na mtu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na mzee akifika umri wangu ana haki ya kusema alichofanya.

Habari ninayotaka kukupa leo ni ya pikipiki niliyoinunua wiki ile ile.

Nimechoka, mwanangu. Kila mara naitwa kumtazama kijana hospitalini, mguu umefungwa plasta, na nikimwuliza ilikuwaje ananiambia barabara ilikuwa mbaya, au ilikuwa mvua, au ng'ombe wa mtu alikatiza. Kisha nikitoka nje naiona pikipiki yenyewe imeegemezwa ukutani, kubwa kama maksai, na kijana ni mwembamba, hajamaliza hata msimu mmoja wa mvua akiendesha. Nimeyasema haya mara nyingi hata sauti yangu mwenyewe inanichosha. Nitayasema mara moja zaidi, kwa maandishi, kisha mniache nipumzike.

Ofisi ya mifugo ilikuwa imenipa kibali cha kuwa na pikipiki ya kazi, kwa maana mashamba niliyopewa yalikuwa mbali mbali. Karibu na stesheni kulikuwa na Kalasinga mmoja, fundi hodari, na alikuwa na pikipiki mbili za kuuza. Ya kwanza ilikuwa ndogo, rangi ya kijani, nyepesi kuliko gunia la mahindi. Ya pili ilitoka jeshini baada ya vita. Tangi lake lilikuwa pana kama kifua cha fahali, na uzito wake ulikaribia magunia mawili.

Mimi si mtu mrefu. Nilipokaa juu ya ile kubwa, ni vidole vya miguu tu vilivyogusa chini. Na kuendesha nilikuwa nimejifunza majuma mawili, kwenye uwanja wa mpira wa chuo, bila mzigo, wakati wa kiangazi.

"Chukua hii dogo," fundi aliniambia. "Wewe mtu dogo, na barabara ya Ziwa matope. Mwaka kesho rudi hapa, mimi nabadilisha."

"Hiyo ni ya mpishi kwenda sokoni," nikamjibu.

"Mpishi anafika sokoni," alisema, akaendelea kufuta mikono.

Nilichukua kubwa. Nilijiambia kwamba mtu mwenye diploma akipita barabarani, hata mzungu kwenye lori lake anapaswa kumsikia kabla ya kumwona.

Nilifika nyumbani alasiri nikiwa nasukumwa. Pikipiki ilizima langoni mwa shamba, kwenye utelezi, na kabla sijashuka watu walikuwa wameizunguka. Wanawake walikuwa wakiimba, wanaume wameshika kiti na usukani, nami niko juu nimekaa kama bwana harusi. Ilikuwa desturi yetu pale. Mtu aliyesoma hagusi kitu kizito mbele ya watu. Sanduku lake linabebwa, kiti kinaletwa, maji ya kunawa yanaletwa, na akishika jembe mama yake anaona aibu, kana kwamba masomo yamemtoka. Sisi watu wa mashambani tulikuwa tumebeba mizigo ya wengine muda mrefu mno. Tulipompata mmoja wetu asiyebeba, tulitaka kumtazama tu.

Mzee mmoja hakushika pikipiki ile. Alikuwa Arap Lelei, mwendesha maksai wa shamba, Mnandi aliyeishi jirani na baba tangu nikiwa mdogo. Yeye ndiye aliyemfundisha kila kijana pale kufunga maksai kwenye plau na kwenye gari la kubebea mahindi, na alikuwa na njia yake. Hakumpa mtu maksai wanane siku ya kwanza. Aliiweka nira chini, akamwambia kijana aiinue peke yake mpaka usawa wa shingo ya ng'ombe. Aliyeshindwa alipewa nira ndogo na maksai wawili wazee, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu Mzee mwenyewe hakucheka.

"Daktari," aliniita, na watu wakafurahia jina hilo. "Hii kitu ilaze chini."

"Kwa nini, Mzee?"

"Ilaze. Halafu uinue wewe peke yako. Nataka kuona."

Nilitazama matope, nikatazama shati langu. Mama alikuwa amesimama pale na leso mpya kichwani.

"Mzee, pikipiki si maksai," nikasema. "Hii ina injini."

"Ikilala, injini itakuinulia?"

Mkamuaji mmoja, rafiki ya baba, akadakia, "Mzee, mwache kijana avute pumzi. Sisi tuko. Ikianguka tutainua."

"Nyinyi mtakuwa naye kila mahali?" Arap Lelei aliuliza. Alinitazama kidogo, akaenda kufungua maksai wake. Mimi nikaletewa kiti na kuku.

Kwa miezi mitatu sikuinua pikipiki yangu hata mara moja. Asubuhi vijana waliitoa kibandani, kinyumenyume, huku nikinywa chai. Ilipoanguka shambani, waliokuwa wakipalilia waliacha majembe wakaja mbio. Na ilianguka mara nyingi kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Ajabu yake ni kwamba haikuanguka ikienda kasi. Ilianguka ikiwa imesimama, au nikigeuza kwenye njia nyembamba, kwa sababu mguu mfupi ukikosa ardhi hata kidogo, uzito ule haukungoji. Lakini kabla sijapangusa mikono, ilikuwa imeshasimamishwa. Basi nikajihesabu kuwa dereva mzuri.

Kisha sotoka ikaingia upande wa Ziwa. Wewe umezaliwa ugonjwa huo umekwisha, hujui jinsi ulivyoweza kumaliza boma zima kwa wiki moja. Ofisi ikafunga barabara kwa karantini: hakuna ng'ombe kuhama, na hakuna mfanyakazi kutoka shamba moja kwenda lingine. Mwenye shamba letu, Kaburu asiyekuwa na maneno mengi, alikuwa na ng'ombe wa gredi, wa mbegu ya Ulaya, aliowapenda kuliko watu. Aliwakusanya maskwota wake, wale wafanyakazi waliofuga ng'ombe wao wachache ndani ya shamba lake, akawaambia kwamba ng'ombe wao yeyote asiyekuwa na alama ya chanjo sikioni kufikia Jumamosi saa sita mchana, atapigwa risasi. Angeanzia boma lililo karibu na nyumba yake.

Boma la karibu lilikuwa la Arap Lelei. Alikuwa na ng'ombe tisa. Hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba ya kwake duniani, maana hata ile aliyolala ilikuwa ya Kaburu. Alikuwa na wale tisa tu. Maziwa yao yalilisha nyumba yake, na ndio waliotegemewa kwa harusi ya binti yake wa mwisho, aliyekuwa ameposwa.

Dawa ilikuwa mjini, na mtu wa kuileta alikuwa mimi. Jumamosi asubuhi nilipewa chupa zikiwa zimefukiwa kwenye barafu na vumbi la mbao ndani ya debe, pamoja na sirinji na kikata masikio. Nililifunga debe nyuma ya kiti kwa mkanda. Nilitoka mjini saa mbili. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kwenda, kunywa chai, na kuchanja kila ng'ombe kabla ya saa sita. Njiani nilikuwa nikipanga maneno ambayo ningemwambia Arap Lelei nikimaliza. Nilitaka yawe ya upole, lakini ayasikie.

Maili sita kabla ya shamba palikuwa na bonde lenye tope jeusi, lile linaloshika gurudumu kama gundi. Niliteremka polepole, kama ninavyokushauri na wewe uteremke. Chini nikakuta lori limechimba mitaro miwili, nikataka kuhama kutoka mtaro mmoja hadi mwingine. Nikaweka mguu wa kushoto chini. Mguu haukufika. Debe nyuma likavuta upande huo huo, na pikipiki ikalala taratibu, kama mtu anayejilaza kitandani, mguu wangu ukiwa chini yake na bomba la moshi likichoma shavu la mguu kupitia suruali.

Niliuvuta mguu nikakiacha kiatu ndani ya tope. Nikakagua debe. Hakuna chupa iliyovunjika. Injini ilikuwa nzima. Mimi mwenyewe, ukiacha ule mchomo, nilikuwa mzima. Kilichobaki ni kuinua pikipiki na kuendelea, na haikuwa hata saa tatu na nusu.

Nilishika usukani nikavuta. Ilipanda kiasi cha kiganja, ikarudi. Nikageuka nikaipa mgongo, nikasukuma kwa mapaja, miguu ikateleza nikaketi kwenye tope. Nikafungua debe nikaliweka kando ili kupunguza uzito. Nikajaribu tena. Nikamwaga petroli kidogo. Nikajaribu kwa kutumia mti. Mwanangu, nilikuwa na diploma, nilijua majina ya mifupa yote ya ng'ombe kwa Kiingereza, na sikuweza kuinua chombo changu mwenyewe kutoka chini.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililo kubwa kuliko la kuinunua. Nilikaa kando ya barabara nikangoja watu.

Nilingoja kwa sababu siku zote walikuja. Niliamini kabisa kwamba muda si mrefu ningesikia mtu akiita, "Daktari, pole," na mikono sita ingeshika. Nilikuwa mtu wa mifugo, mimi mwenyewe nilikuwa nimebandika tangazo la karantini langoni, na bado haikuniingia akilini kwamba barabara ile ilikuwa tupu kwa amri niliyoibandika mimi. Hapakuwa na mpita njia. Hapakuwa na wapaliliaji. Nilitazama saa yangu ya mkononi, ile niliyoizawadia nafsi yangu nilipofuzu, mpaka ikasema saa nne na robo.

Ndipo nikalibeba debe kichwani, kiatu kimoja mguuni, nikaanza kutembea.

Kama ningeondoka pale pale nilipoanguka, hata kwa kuchechemea, ningefika. Nimepiga hesabu hiyo maisha yangu yote na jibu halijawahi kubadilika. Nilikuwa nimevuka kijito, naona tayari mabati ya nyumba ya Kaburu, niliposikia bunduki. Ikanyamaza. Ikalia tena. Alikuwa anapumzika kati ya ng'ombe na ng'ombe, kama mtu anayefanya kazi asiyoipenda lakini aliyoisema. Niliacha kuhesabu milio kabla haijafika tisa, nikawa nakimbia, maji ya barafu yakinimwagikia usoni.

Nilipofika alikuwa amemaliza boma la kwanza na anaelekea la pili. Niliinua debe juu ili alione. Alitazama saa yake, akatazama mguu wangu, akasema, "Haya, chanja hawa," akarudi nyumbani kwake.

Watu walikuwa wamesimama kando ya ua. Sikuweza kuwatazama. Nilitoa chupa, na hakuna aliyesogea kunishikia ng'ombe. Aliyekuja ni Arap Lelei. Aliruka ua wa boma la jirani yake, akamshika ng'ombe wa kwanza pembe na pua, akamkaza.

"Mzee," nikasema.

"Chanja."

"Mzee, pikipiki—"

"Dawa inapata joto. Chanja, kijana. Hawa wako hai."

Alinishikia ng'ombe hadi jua likaelekea kuzama, boma baada ya boma, ng'ombe wa watu wengine. Wake tisa walikuwa wamelala nyuma yetu na hakugeuka hata mara moja kuwaangalia. Nimeonyeshwa heshima na watu wengi baadaye, hata wakubwa wa serikali. Hakuna aliyenifunza adabu kama mgongo wa mzee yule siku ile.

Baada ya wiki moja nilikwenda kwake. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, maana mimi ni mtu wa kutayarisha. Nilimkuta anashona ukanda wa ngozi mlangoni. Alinipa kigoda, akaniacha niseme yote, kisha akasema:

"Siku ile nilikuambia uilaze. Ukakataa kwa sababu ya shati."

"Ndiyo, Mzee."

"Na hawa watu wa hapa, na baba yako, na mama yako, walikufurahia. Hawakutaka ujue wewe una nguvu kiasi gani. Hiyo si mbaya yao. Walikupenda. Lakini wewe ulisoma miaka mingapi?"

"Kumi na nne, Mzee."

"Miaka kumi na nne, hukujipima hata siku moja." Aliuvuta uzi kwa meno. "Mimi kila asubuhi najipima. Nikiona nira imekuwa nzito, nasema leo naenda na ile ndogo. Maksai hawajui mimi ni Arap Lelei. Wanajua mkono."

Nilimwuliza nifanye nini. Akasema nimtafutie binti yake maneno ya kumwambia, kwa maana yeye alikuwa hana. Harusi ile ilichelewa sana. Alikuwa msichana mpole, naye alipoolewa hatimaye alinialika, akaniweka kwenye meza ya mbele, na chakula kile kilinishinda kumeza.

Jumatatu iliyofuata mazungumzo yale niliipeleka kwa fundi ile kubwa, iliyokuwa imetolewa topeni, ili tubadilishane. Ile ndogo ya kijani bado ilikuwepo. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, mwanangu, na karakana ilijaa watu, makarani wawili wa ofisi yetu wakiwemo. Niliilaza chini kwenye grisi. Nikachuchumaa, nikaipa mgongo, nikashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma ya kiti kwa mwingine, nikatembea kinyumenyume ikaja nami. Nikailaza upande wa pili, nikainua tena. Mara ya tatu niliifungia debe la maji nyuma, nikailaza, nikainua.

"Diploma imepunguzwa," karani mmoja akasema.

"Hapana," fundi akamjibu bila kuinua kichwa. "Sasa iko saizi yake."

Niliiendesha miaka kumi na moja, kutoka Burnt Forest hadi Kesses hadi nyuma ya Ziwa. Ilianguka pia. Hakuna pikipiki isiyoanguka katika nchi yenye tope. Lakini kila ilipoanguka niliiinua mwenyewe, nikafuta mikono kwenye majani, nikafika. Ng'ombe niliowachanja juu ya pikipiki ile ya mpishi ni wengi kuliko nitakavyoweza kuwakumbuka, na ninajivunia kila mmoja. Kubwa kama ile nilikuja kuiendesha baadaye, nilipokuwa nimekomaa, na sikuona tena ilikuwa na ajabu gani.

Basi sikiliza ninachokuambia, wewe uliye mdogo wa umbo na mchanga wa barabara, mvulana au msichana. Usichague pikipiki kwa mlio wala kwa jinsi utakavyoonekana ukipita sokoni. Kaa juu yake ukiwa na viatu utakavyovaa kazini, na nyayo zote mbili zilale chini, si vidole tu. Isukume kinyumenyume mahali penye mwinuko kidogo, kwa maana huko ndiko siku nyingi huanza. Kisha ilaze, uinue, bila mtu kukusaidia na bila kujali anayekutazama. Kama utabeba mzigo, uinue na mzigo. Kama utabeba mama yako, kumbuka kwamba yeye pia ana uzito, na anakuamini. Ikikushinda, ni nzito kwako mwaka huu. Mwaka ujao huenda isiwe. Anza na ndogo, ijue mvua, ujue breki na klachi yako kwenye tope, kisha upande ngazi pole pole kama tulivyopanda madarasa.

Na watu wanaokupenda wakikuwahi kuinua, washukuru, uwaombe wasogee. Ukianguka peke yako, usikae ukingoja mikono ya watu. Shika kile unachoweza kubeba, uende nacho.

Nimemaliza, na mkono umeuma kwa kuandika. Mungu wa baba yangu, aliyenitoa jikoni mwa mzungu akanipa jina, akupe njia iliyo wazi na akili ya kuupima mwili wako bila aibu. Akufikishe saa sita haijagonga. Na wale wanaokungoja nyuma ya ua, wakitazama barabara, akuwezeshe kuwakuta wote.